Kompyuta moja, ripoti ya mama na kazi ya shule: Familia inunue ipi?

Saa mbili usiku, meza ya chakula imeshafutwa. Mama, ambaye ni muuguzi, anafungua kompyuta mpakato amalizie ripoti ya mwezi ya kituo chake. Hajafika mbali, mtoto wa darasa la nne ameshasogea akitaka katuni. Dada yake wa kidato cha pili ana kazi ya Fizikia. Baba naye anaisubiri mashine hiyo hiyo afunge hesabu za duka kwenye Tally.

Huenda mzazi unayesoma hapa unaijua picha hii kwa sababu ni ya sebuleni kwako. Kisha mashine inachoka, fedha kidogo zinakusanywa, na ubishi unaanza: Windows, Mac au Chromebook? Ni ubishi unaofanana na wa Simba na Yanga, kila mmoja ana upande wake kabla mpira haujaanza.

Njia nzuri ya kuumaliza ni kuacha majina ya kampuni kwanza na kuangalia kazi inayoleta ugali. Tuichukue familia hiyo hapo juu. Tally imetengenezwa kwa ajili ya Windows, na anayetaka kuitumia kwenye Mac inabidi azunguke sana. Mama hana shida hiyo. Mfumo wa DHIS2 unaotumika kukusanya takwimu za afya nchini, ambao asili yake ni Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, hufunguka kwenye kivinjari cha intaneti, hivyo mashine yoyote inamfaa. Word na Excel zipo Windows na Mac pia, ingawa Access haipo Mac. Kazi nyingi za shule, kuandika, kusoma PDF na kutazama somo la video, haziulizi mfumo gani unatumika.

Kwa hiyo mwenye kura ya turufu katika nyumba hii ni baba, na wala si kwa sababu ni baba. Ni kwa sababu programu yake ndiyo isiyokubali kuhama. Nyumba nyingine atakuwa mama mwenye programu ya ofisini, au kijana wa chuo anayesoma uhandisi. Kabla ya kununua, kila mmoja aandike kwa wiki moja programu anazofungua, na anayefanya kazi za ofisi nyumbani aulize ofisini kwake wanataka nini.

Baada ya kazi, kinachofuata ni umri wa mashine, na hapa ndipo wazazi wengi wanapoumia. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Ilitangaza nyongeza ya mwaka mmoja kwa watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha, hadi Oktoba 13, 2026. Kompyuta yenye Windows 10 haizimiki siku hiyo. Inafanana na mtoto aliyekosa chanjo: anacheza, anakula, anakwenda shule, lakini ugonjwa ukipita mtaani yeye hana kinga.

Ili mashine ipokee Windows 11, Microsoft inataka iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4 na prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa zile za Intel, karibu zote zinazokubaliwa ni kuanzia kizazi cha nane. Mashine za mtumba zinazotoka maofisini Ulaya na Marekani, ambazo ndizo familia nyingi zinaweza kuzimudu, mara nyingi ni za kabla ya hapo.

Muuzaji Kariakoo akikwambia “hii ni Core i5”, hajakwambia kitu bado. Iombe namba kamili. Ikiwa ni i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, yaani kizazi cha sita. Ikiwa ni i5-8250U, ni kizazi cha nane. Kuanzia kizazi cha kumi zinasomwa tarakimu mbili, kama i5-10210U. Hivyo Core i7 ya kizazi cha sita haimo kwenye orodha ya Microsoft, huku Core i3 ya kizazi cha nane imo, hata kama ile i7 inauzwa ghali zaidi. Namba hiyo haihitaji kubahatisha: andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, soma mstari wa prosesa. Microsoft pia ina programu ya bure iitwayo PC Health Check. Ndiyo, hata kompyuta ina kliniki yake.

Fundi anaweza kukuambia atailazimisha mashine ya zamani ipokee Windows 11. Inawezekana. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kuendelea kupata masasisho, na masasisho ndiyo sababu ya kuhama kwenyewe.

Kuna jambo la kuogopwa zaidi ya hilo, nalo ni Windows iliyochakachuliwa. Vile vijiprogramu vya kuifanya ionekane imelipiwa mara nyingi hutaka kwanza ulinzi wa virusi uzimwe. Mama aliyeambiwa “usijali, nimeshakuwekea kila kitu” anaweza kuwa amenunua mlango usio na komeo. Ajabu ni kwamba mara nyingi uchakachuaji huo haukuhitajika. Mashine nyingi zilizouzwa na Windows tangu enzi za Windows 8 zimehifadhi leseni ndani ya bodi yake, na ukiweka upya toleo linaloendana nayo, hujithibitisha ikiingia intaneti. Mwambie muuzaji afungue ukurasa wa “Activation” mbele yako, na uone ulinzi wa virusi umewashwa.

Mac je? Kwa familia isiyofungwa na programu ya Windows, MacBook Air yenye chipu ya M1, iliyotoka Novemba 2020, bado ni mashine nzuri. Betri yake inadumu, na umeme ukikatika jioni mtoto anamaliza kazi yake. Ila RAM yake haiongezwi, unayonunua ndiyo utakayoishi nayo. Zile za zamani zenye prosesa ya Intel zishushiwe bei hasa, kwani Apple imetangaza kuwa macOS 26 ndiyo toleo la mwisho kwao. Na Mac ya mtumba ambayo bado imefungwa na akaunti ya mwenye nayo wa kwanza, au inayoonyesha kuwa inasimamiwa na shule au kampuni, usiilipie hata kama bei inatamanisha.

Chromebook ni nyepesi na haina usumbufu kwa mwanafunzi, lakini inategemea sana intaneti, yaani bando la mzazi, na programu za Windows haziingii. Kila moja ina tarehe ya mwisho wa masasisho, iliyoandikwa kwenye mipangilio yake. Isome kabla ya kutoa fedha.

Habari ya bando inawagusa wa Windows pia. Familia inayotumia hotspoti ya simu iuweke mtandao huo kuwa “metered”, ili kompyuta isipakue masasisho makubwa kimyakimya na kumaliza kifurushi cha wiki. Kisha mtafute siku na mahali penye intaneti nafuu mfanye masasisho hayo. Msiyazime moja kwa moja.

Turudi kwa yule muuguzi. Ripoti yake inaweza kuwa na majina ya wagonjwa, umri wao, majibu ya vipimo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mtoto anayetafuta mchezo wa bure haijui sheria hiyo. Anabonyeza popote panapong’aa. Akibonyeza akiwa ndani ya akaunti ya mama, virusi vinafika palipo na majina ya watu wanaopima VVU.

Dawa yake haina gharama na ipo kwenye mifumo yote: kila mtu awe na akaunti yake na neno lake la siri. Za watoto zisiwe na uwezo wa kuweka programu mpya. Microsoft ina Family Safety, Apple ina Screen Time, na Chromebook inatumia Family Link, zote zikiwawezesha wazazi kupanga muda na tovuti. Neno la siri la mama lisiwe lile la simu yake, ambalo mtoto wa darasa la nne alishalikariri zamani. Faili za wagonjwa zisibaki kwenye mashine ya nyumbani kama kazi inaweza kufanyika ndani ya mfumo wenyewe, na diski ifungwe kwa usimbaji ili mwizi wa kompyuta asiwe pia mwizi wa siri za watu.

Kwa familia hii, basi, jibu ni Windows, ya mtumba ikibidi, kizazi cha nane au zaidi, RAM GB 8 kama mfuko unaruhusu. Ile ya zamani isitupwe. Linux Mint ni mfumo wa bure unaokwenda vizuri kwenye mashine kuukuu, una LibreOffice ya kuandikia, na unaweza kuujaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote. Jumamosi moja, baba na binti wa kidato cha pili waiwashe kwa flashi hiyo, waangalie Wi-Fi inashika, sauti inatoka na printa inaitika. Ikikubali, binti ana kompyuta ya Fizikia, na mama anafungua ripoti yake bila foleni.