Je, Wajua? Nyaya Mbili, Njia Moja

Je, wajua kwamba swichi mbili za mtandao zikiunganishwa kwa nyaya mbili, kwa kawaida waya mmoja hukaa bila kazi?

Kinachoufunga ni spaningi trii (STP), itifaki iliyobuniwa na Mmarekani Radia Perlman mwaka 1985. Bila hiyo, ujumbe unaotumwa kwa wote ungezunguka baina ya swichi bila kikomo hadi mtandao uzidiwe.

Chukulia kuna barabara mbili za kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto. STP ingefunga moja, na kuifungua tu nyingine ikikatika. Lakini nyaya zikiunganishwa kuwa fungu moja, STP huona barabara moja pana, na nyaya zote hufanya kazi. Kiwango cha kimataifa cha mafungu haya, 802.3ad, kilitoka mwaka 2000; leo ni 802.1AX.

Katika hesabu za STP za mwaka 2004, waya wa gigabiti 1 kwa sekunde una gharama 20,000. Fungu la nyaya mbili kama huo, 10,000. Njia yenye gharama ndogo ndiyo huchaguliwa.

Waya mmoja wa fungu ukikatika, uliobaki hubeba mzigo bila kusubiri sekunde 30 hadi 50 ambazo STP ya awali huhitaji kufungua njia nyingine.

Tahadhari: fungu lipangwe kwenye swichi zote mbili. Likipangwa upande mmoja tu, mzunguko waweza kuzuka. Pia, mawasiliano ya kompyuta mbili kwa kawaida hupita waya mmoja tu wa fungu.