Baridi ya Sebuleni

Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, majira ya baridi huondoka na wazee wengi kuliko majira mengine yoyote ya mwaka. Kwa miaka mingi watakwimu wa England na Wales walikuwa wakilinganisha vifo vya Desemba hadi Machi na vya miezi minne iliyotangulia na minne iliyofuata. Kwa hesabu hiyo, majira ya baridi ya 2017/18 yalizidisha vifo takriban 50,100, idadi ambayo haikuwa imefikiwa tangu katikati ya miaka ya 1970, na wengi wa waliokufa walikuwa na umri wa miaka 75 au zaidi. Wachache mno kati yao waliganda kwa baridi. Wengi wa waliobaki walikufa kwa moyo, kiharusi, mafua makali na nimonia, magonjwa ambayo baridi huyachochea hata kwa mtu ambaye hajavuka kizingiti cha mlango wake. Mstaafu hana budi kuiogopa kwanza baridi ya sebuleni.

Mwili wa mtu mzima aliyetulia hutoa joto linalokaribia lile la balbu ya zamani ya wati 100, nalo huongezeka sana misuli inapofanya kazi. Uzee hula misuli. Kustaafu nako huondoa safari za kila siku: ngazi za ofisini, mwendo wa kukimbilia basi, kusimama dukani. Mtu aliyekuwa akijipasha moto bila kujua kwa miaka arobaini sasa anakaa kitini tangu chai ya asubuhi hadi taarifa ya habari ya jioni, na tanuri lake la ndani linawaka kidogo kidogo tu.

Kinga za mwili nazo huchoka. Kwa kijana, baridi ikigusa ngozi, mishipa midogo ya damu hujibana mara moja ili kulinda joto la ndani, ambalo ni nyuzi 37 hivi, na isipotosha, kutetemeka huanza. Kwa mzee mishipa hujibana polepole na kutetemeka huchelewa. Lililo baya zaidi ni kwamba hisia yenyewe ya baridi hufifia. Chumba chenye nyuzi 15 kinaweza kuwa cha kawaida kwa bibi aliyeketi ndani yake, ilhali mjukuu aliyekuja kumwamkia anaomba sweta kabla hajakaa. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, madaktari huiita hali hiyo haipothemia, na dalili zake kwa mzee hudanganya: usingizi mzito, maneno ya kuburuta, kusahausahau. Jirani akiona hayo husema ni uzee, au ni uchovu. Mkono uliowekwa tumboni, chini ya nguo, husema ukweli upesi zaidi, maana tumbo la mtu mwenye afya halipaswi kuwa la baridi.

Hata hivyo, madhara huanza mapema sana kabla ya kufikia hapo. Mwaka 1984 William Keatinge na wenzake jijini London walichapisha jaribio ambalo bado linastahili kusimuliwa. Watu wenye afya, wakiwa na nguo chache, walikaa saa sita kwenye hewa inayopita yenye nyuzi 24, ubaridi ambao hautishi mtu. Joto lao la ndani halikushuka sana. Lakini damu yao ilikuwa nzito zaidi kwa asilimia 21, chembe za kugandisha damu zilikuwa zimeongezeka, na shinikizo la juu la damu lilikuwa limepanda kwa wastani kutoka 126 hadi 138. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Damu inayokimbia ngozi hurundikana katikati ya mwili, mwili ukadhani una maji mengi kupita kiasi, na figo zikaanza kuyatoa. Ndiyo maana siku ya baridi humpeleka mtu msalani mara kwa mara. Damu inayobaki huwa nzito, nayo hulazimika kupita kwenye mishipa iliyojibana. Kwa mzee ambaye mishipa ya moyo wake tayari imesinyaa, saa sita za namna hiyo ni mzigo mkubwa, na wapo wanaozipitisha kila siku tangu Novemba.

Mtu angetarajia basi kwamba kadiri nchi ilivyo na baridi kali, ndivyo wazee wake wanavyokufa zaidi wakati huo. Mambo ni kinyume. Utafiti wa nchi kadhaa za Ulaya uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa kila joto la nje liliposhuka kwa nyuzi moja, vifo viliongezeka zaidi Athens na London kuliko kusini mwa Finland. Watafiti waliingia hadi majumbani na kuuliza watu walivyovaa. Siku ambayo nje palikuwa na nyuzi 7, sebule za Finland zilikuwa na wastani wa nyuzi 21.7 na za Athens 19.2, na waliovaa kofia nje walikuwa asilimia 72 Finland na asilimia 13 tu Athens. Huko Yakutsk, Siberia, ambako baridi hupita nyuzi 40 chini ya sifuri, uchunguzi uliofuata haukuona jumla ya vifo vya watu wa miaka 50 hadi 59 na 65 hadi 74 ikipanda kwa sababu ya baridi. Watu wa huko hupasha nyumba joto sawasawa na hawatoki bila manyoya mazito. Wanaoumia ni wale wanaoichukulia baridi kuwa jambo la kupita.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa nyumba na afya wa mwaka 2018, liliweka nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini salama ndani ya nyumba wakati wa baridi, na kusema wazee na wagonjwa wanaweza kuhitaji zaidi ya hapo. Kipimajoto cha bei nafuu kilichotundikwa karibu na kiti ambacho mzee hukalia kina faida kuliko ushauri mwingi, kwa kuwa kinafanya kazi ambayo ngozi yake imeacha kuifanya. Kama pesa hazitoshi kupasha nyumba nzima, ni afadhali chumba kimoja kiwe na joto la kweli, mlango wake umefungwa na nyufa za dirisha zimezibwa, kuliko vyumba vinne vya uvuguvugu. Nguo kadhaa nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine hushika joto kuliko koti moja zito. Kuinuka kila saa, hata kwa kwenda jikoni na kurudi, huamsha misuli, na chakula cha moto huongeza joto kwa njia yake. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata kidogo: moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Pesa ndiyo kiini cha mambo haya. Kazini, gharama za joto zilikuwa za mwajiri. Baada ya kustaafu, saa zote 24 ziko juu ya pensheni, na sehemu kubwa ya nyumba za Uingereza ni za zamani, zenye kuta zinazovujisha joto. Serikali ilianzisha malipo ya nishati ya majira ya baridi kwa wazee mwaka 1997. Mwaka 2024 ikayabana hadi kwa wanaopata ruzuku ya pensheni au misaada mingine michache ya wenye kipato kidogo, na takriban wazee milioni 10 wakayakosa; mwaka 2025 yakarudishwa kwa wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka. Ule wa 2024 ulikuwa uamuzi mbaya, kwani ulimwacha nje mzee aliyezidi kiwango cha ruzuku kwa pauni chache, na mzee wa namna hiyo hupunguza hita kabla ya kupunguza kitu kingine.

Giza nalo lina hesabu yake. Siku fupi kuliko zote jijini London ina mwanga wa jua chini ya saa nane. Tangu Oktoba hadi mapema Machi, miale ya urujuanimno inayoifikia Uingereza ni hafifu mno kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, ambayo mifupa na misuli huihitaji. Ngozi ya mzee huitengeneza kidogo hata jua likiwapo, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani. Kwa hiyo wazee waliotoka Unguja, Mombasa au Bujumbura na kuzeekea Birmingham au Leicester wana sababu mbili za kupungukiwa nayo. Mamlaka za afya za Uingereza hushauri kila mtu afikirie kumeza maikrogramu 10 kwa siku katika miezi hiyo, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kufanya hivyo mwaka mzima.

Mwanga huongoza pia saa ya mwili. Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walieleza kwa mara ya kwanza kitaalamu sonona inayorudi kila majira ya baridi: usingizi mwingi, hamu ya wanga, kukosa raha ya lolote. Lenzi ya jicho la mzee huwa ya manjano na mboni yake ndogo, hivyo mwanga huohuo humfikia pungufu. Taa maalumu za luksi 10,000 hutumika asubuhi kwa nusu saa hivi, lakini hata mbingu yenye mawingu mazito saa tano mchana hutoa mwanga mwingi kuliko taa za sebuleni. Matembezi ya saa hiyo, hasa na mtu wa kuzungumza naye, ni dawa isiyolipiwa.

Tatizo ni njia yenyewe. Maji yaliyoyeyuka mchana huganda usiku na kuwa utando usioonekana, na kuanguka mara moja kunaweza kuvunja nyonga. Finland wazee huvalisha viatu vyao misumari midogo. Asiye nayo hukunja magoti kidogo, hupiga hatua fupi, mguu mzima ukikanyaga kwa pamoja, na mikono haikai mifukoni.

Wenye uwezo huhama. Wakanada hukimbilia Florida, Waingereza pwani ya Hispania, na wapo wazee Waswahili wanaorudi nyumbani wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Wanaobaki hupata chanjo ya mafua bure Uingereza kuanzia miaka 65, na ile ya nimonia.

Machi maua ya kwanza yakichomoza, mkono hukimbilia swichi ya hita kuizima. Ni mapema. Vifo vya moyo hupanda siku chache baada ya baridi kali, lakini vya mapafu huchelewa kwa karibu wiki mbili, kwa hiyo baridi ya mwisho wa Februari huwa bado inaendelea na kazi yake vifuani jua likiwa limekwisha kutoka.