Akiolojia na biolojia ya binadamu: Fuvu bila udongo wake halisemi yote

WANAFUNZI wanaoanza masomo ya biolojia ya binadamu katika vyuo vikuu hutarajia kukutana na seli, damu, mishipa na vinasaba. Baadhi yao hushangaa wanapokuta katika ratiba somo la utangulizi wa akiolojia, taaluma ambayo kwa watu wengi inahusu vigae vya vyungu na magofu ya kale.

Hata hivyo, taaluma hizo mbili zinategemeana. Biolojia hueleza mfupa ni wa kiumbe gani, wa jinsi gani na wa umri upi. Akiolojia hueleza mfupa huo ulikutwa wapi, katika tabaka lipi la udongo, na pamoja na vitu gani. Jibu moja likikosekana, jingine hubaki nusu.

Mfupa unavyosomwa

Mtaalamu akipewa mifupa ya mtu aliyekufa zamani, huanza na nyonga, kwa kuwa ya mwanamke ni pana zaidi kwa ajili ya uzazi. Urefu wa fupa la paja humsaidia kukadiria kimo. Meno yaliyokwisha kuota, pamoja na ncha za mifupa ambazo huungana mtu anapomaliza kukua, humwonyesha kama marehemu alikuwa mtoto, kijana au mtu mzima.

Tundu lililo chini ya fuvu, ambamo uti wa mgongo hupita, nalo lina habari yake. Kwa binadamu tundu hilo limekaa karibu na katikati, kwa kuwa kichwa husimama juu ya mwili ulio wima. Kwa sokwe limesogea nyuma.

Fundisho la Olduvai

Julai 17, 1959, mtafiti Mary Leakey aliona vipande vya fuvu katika Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Fuvu hilo liliitwa Zinjanthropus, na leo wataalamu huliweka katika kundi la Paranthropus boisei. Katika tabaka hilo hilo zilikutwa zana za mawe na mifupa ya wanyama.

Mumewe, Louis Leakey, aliamini mwanzoni kwamba mwenye fuvu hilo ndiye aliyetengeneza zana hizo. Baadaye, kuanzia mwaka 1960, yakapatikana bondeni humo masalia ya zamadamu mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi. Mwaka 1964 Leakey, Phillip Tobias na John Napier walimpa jina la Homo habilis, yaani mtu mwenye ustadi, na sifa ya kutengeneza zana ikahamia kwake.

Mjadala haukuishia hapo. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kuwa huko Nyayanga, karibu na Ziwa Victoria nchini Kenya, meno ya jamii ya Paranthropus yalikutwa pamoja na zana za kale zaidi. Somo kwa mwanafunzi ni kwamba vitu viwili kukutwa pamoja si uthibitisho kuwa kimoja ni mali ya kingine. Wala mjadala wenyewe usingewezekana kama wachimbaji hawakuandika kila kitu kilikutwa wapi.

Magego makubwa ya Zinjanthropus nayo yalipotosha. Kutokana na ukubwa wake alipewa jina la utani la mvunja njugu. Uchunguzi wa kemikali zilizomo katika meno ya jamii yake umeonyesha kuwa chakula chake kikuu kilikuwa nyasi na mimea ya jamii ya ndago. Umbo la jino huonyesha kile ambacho mwili uliweza kufanya, si lazima kile ulichofanya kila siku.

Umri unavyojulikana

Watu wengi hudhani kaboni-14 hupima kila kitu. Ukweli ni kwamba kiasi chake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, na baada ya miaka kama 50,000 hubaki kidogo mno kupimika.

Kwa Olduvai ilitumika njia ya potasiamu na agoni. Mwamba wa volkano unapokuwa umeyeyuka, gesi ya agoni hutoka. Ukishapoa, potasiamu iliyomo huanza kuzalisha agoni mpya ambayo hunaswa ndani. Kwa kupima gesi hiyo, mwaka 1961 ilitangazwa kuwa tabaka la Zinjanthropus lina umri wa miaka milioni 1.75. Ikumbukwe kwamba kilichopimwa ni majivu ya volkano yaliyolizunguka fuvu. Fuvu lililookotwa bila kujulikana tabaka lake lisingeweza kupewa umri huo.

Kutoka Laetoli hadi pwani

Huko Laetoli, nyayo zilizogunduliwa mwaka 1978 katika majivu ya volkano yaliyoganda zimeonyesha kuwa zamadamu walitembea wima kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita, muda mrefu kabla ya zana za Olduvai.

Taaluma hizi hazihusu mambo ya mamilioni ya miaka tu. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, ikiwamo Kilwa na Mtwapa. Ulionyesha kuwa wengi walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa kina mama, na asili ya Asia, hasa kutoka kwa wanaume wa Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Makaburi na magofu ndiyo yaliyowawezesha watafiti kujua watu hao waliishi lini na katika jamii ya namna gani.

Kikipotea hakirudi

Eneo la kale huchimbwa mara moja tu. Nyayo za Laetoli zilifukiwa ili zihifadhiwe, lakini migunga ikaota juu yake na mizizi ikatishia kuziharibu. Katikati ya miaka ya 1990 Serikali ya Tanzania na taasisi ya Getty ya Marekani zililazimika kuzifukua, kuondoa mizizi na kuzifukia upya.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba bila kibali. Kwa hiyo anayekutana na mifupa ya kale au zana za mawe anapolima, anapochimba msingi wa nyumba au kokoto, anashauriwa asiviondoe bali atoe taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale au makumbusho iliyo karibu. Akikipeleka kitu hicho mjini mfukoni, hata kwa nia njema, atakuwa ameacha nyuma tabaka ambalo lingeeleza umri wake.