Ni Nani Anayemwangalia Mtoto?

Shule zinapofungwa mwisho wa mwaka, jamaa nyingi za kwetu hufunga safari kwenda pwani. Ndugu huchanga pesa kidogo kidogo mwaka mzima, kisha hukodi matatu moja wakaingia wote: baba na mama, watoto, nyanya, shangazi, mjomba na binamu. Wengine hupanda gari la moshi pale Athi River, kwenye ile reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Wanaopita barabarani husimama Makindu, kwenye hekalu la Wasingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambapo kila msafiri hupewa chakula bila kuulizwa yeye ni nani. Safari hii ni jambo jema. Watoto waliokua mbali na binamu zao huwajua kwa wiki moja ya kulala chumba kimoja kuliko kwa miaka mitano ya kusalimiana kwa simu.

Lakini liko swali moja ambalo msafara wa namna hii husahau kujiuliza, na ndilo kichwa cha mazungumzo yetu ya leo.

Utakumbuka habari iliyo katika Injili ya Luka, sura ya pili. Yesu alikuwa na umri wa miaka 12. Yusufu na Mariamu waliondoka Yerusalemu baada ya Pasaka wakaenda mwendo wa siku nzima bila kujua kwamba mtoto amebaki nyuma. Mimi sidhani walikuwa wazazi wazembe. Walikuwa wakisafiri na jamaa na marafiki wengi, na kila aliyetazama huku na huku aliona watu wazima tele, akaona moyoni kwamba mtoto yuko na mmoja wao. Wingi wa ndugu ndio uliowapumzisha. Walimpata baada ya siku tatu, yu mzima hekaluni. Baharini, msikilizaji, hatupewi siku tatu. Hupewi hata robo saa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Watu wengi hudhani kwamba mtoto anayezama atapiga kelele na kurusha mikono. Sivyo. Mdomo wake uko majini, na pumzi ya kuitia hana. Huzama kimya, na dakika chache zatosha. Ndiyo maana huweza kutokea hatua kumi kutoka kwenye mkeka ambapo watu wazima wanane wanakula maembe.

Basi tuitazame bahari yenyewe, kwa maana sisi wa bara tumezoea maji ya namna nyingine. Bwawa la ng'ombe huwa mahali pake. Ukijua asubuhi kwamba maji yanafika magotini, jioni yatafika magotini. (Nalo bwawa huua, pamoja na yale machimbo ya mawe yanayojaa maji ya mvua, lakini hayo tutayazungumza siku nyingine.) Bahari haitulii hivyo. Kila siku hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kati ya kujaa na kupwa ni saa sita na dakika chache. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapokuwa mpevu, na tena unapoandama, huja bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo, huko Mombasa, tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kupita mita tatu, kimo ambacho hakuna mtu mzima atakayekisimamia.

Sasa sikiliza jinsi jambo hili linavyowanasa wageni. Siku za bamvua, pwani ya Mombasa, maji hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi. Hiyo ndiyo saa ambayo jamaa, wamekwisha kunywa chai, wanafika ufuoni Bamburi au Kanamai. Wanaona mchanga mtupu na vidimbwi vya kuoshea miguu mpaka mbali kuelekea mwambani. Nyanya anacheka. Kila mtu anasema bahari hii haina neno. Wanacheza, wanarudi kula, wakubwa wanalala kidogo kwa joto. Saa nane watoto wanatoroka kurudi mahali pale pale walipochezea asubuhi. Mahali ni pale pale, bali maji siyo yale. Bahari inapojaa, saa mbili za katikati ndizo zinazoleta karibu nusu ya maji yote, na hizo ndizo saa za usingizi wa mchana. Maji yanapopwa iko hatari nyingine: hutoka kwa nguvu kupitia milango iliyo katika mwamba, na mtoto aliyekalia tyubu ya kukodi huchukuliwa polepole akicheka. Kwa hiyo, kabla ya kuvua viatu, muulize mvuvi au mwokoaji wa pale: Maji yanajaa au yanapwa? Nao wataona fahari kuulizwa.

Turudi kwenye swali letu. Katika jamaa kubwa kazi ya kuangalia watoto huangukia watu wawili bila mtu kusema neno. Wa kwanza ni nyanya, kwa kuwa ndiye aliyeketi. Wa pili ni msichana wa miaka kumi, kwa kuwa nyumbani ndiye anayembeba mdogo wake. Wote wawili ni walezi hodari mahali pao, lakini si baharini. Nyanya hawezi kukimbia mchangani. Msichana akimwona mdogo wake anazama atamfuata, nanyi mtawapoteza wawili. Nasema wazi: kazi hii ni ya baba, mjomba na shangazi wenye nguvu, hata kama walikuja kupumzika.

Fanyeni zamu za nusu saa. Mwenye zamu avae kofia moja ya rangi kali, asishike simu, asisome, asigeuke kuchoma nyama. Asiivue kofia mpaka mwenzake aipokee mkononi na kuwataja kwa majina watoto anaowapokea. Walio chini ya miaka mitano wawe karibu kiasi cha kushikwa kwa mkono, hata maji yakiwa ya vifundoni.

Naye nyanya asinyimwe heshima yake. Wazee wa Kimaasai hawapendi kuhesabu watoto wala ng'ombe. Humjua kila mmoja kwa sura na rangi, na jioni kundi linapoingia bomani huona mara moja ni yupi hayupo. Mwambieni: "Koko, sisi tutaingia majini, wewe utuambie ni nani hatumwoni." Jicho lile halina mfano ufuoni.

Tena, watoto wetu wa Kitengela hawana kinga ya malaria, maana kwetu ni haba, na pwani mbu wake wapo mwaka mzima. Walaleni ndani ya chandarua, hata kama chumba kina feni. Homa yake haitokei siku ile ile. Huanza baada ya wiki moja au zaidi, pengine mmekwisha rudi na shule zimefunguliwa, na muuguzi anayewaona watoto wa Kajiado wenye mafua kila siku hataifikiria. Mtoto akipata homa ndani ya miezi michache baada ya safari, mpelekeni siku ile ile apimwe damu, na neno la kwanza mtakalosema pale mlangoni liwe: Tulikuwa pwani.