Oolong ya Taiwan: Ya Bei Gani Inakutosha?

Muuza chai akikutajia bei ya oolong kwa jin, muulize kwanza: jin ya wapi? Ya Taiwan ni gramu 600, ya China bara ni 500. Pakiti nyingi za Taiwan ni za gramu 150, yaani robo ya jin. Linganisha kwa kipimo hicho.

Kinacholipiwa hasa ni mikono ya watu na usingizi wao. Majani huanikwa juani yanyauke, kisha huingizwa ndani na kurushwarushwa kwenye nyungo za mianzi, yapumzishwe, yarushwe tena, mpaka usiku wa manane, ili kingo zichubuke na kuanza kuwa nyekundu. Fundi hunusa ndipo aamue. Akiharakisha, chai inabaki na ladha ya nyasi; akichelewa, harufu ya maua imepotea. Baada ya hapo majani hukaangwa ili yasiendelee kubadilika, hufungwa kwenye kitambaa na kuviringishwa mara nyingi hadi yawe punje ngumu.

Ya bei ya chini hutoka Mingjian, Nantou, ambako mashine ndiyo inayovuna. Aina inayopatikana sana ni Si Ji Chun, mmea unaochipua karibu mwaka mzima. Kwenye bei ya juu ipo Lishan, ya mashamba yanayokaribia au kupita mita 2,000: baridi huchelewesha machipukizi, mavuno ni machache, na wachumaji hufunga viwembe vidoleni. Katikati ipo Dong Ding ya Lugu, iliyokaushwa kwa moto hadi inanukia kama karanga. Siku hizi jina Dong Ding hupewa hata majani ya kwingine yaliyopitishwa moto vivyo hivyo, na moto mkali huficha jani hafifu.

Sasa tupige hesabu. Chukulia pakiti ya Si Ji Chun ni dola 12 na ya Lishan ni dola 45. Ukitumia gramu 6 kila mara, kila pakiti inakupa mara 25: senti 48 kwa ile, dola 1.80 kwa hii. Lakini oolong haimwagiwi maji mara moja tu. Tuseme Si Ji Chun inachoka baada ya vikombe vinne na Lishan inafika sita. Kikombe kinakuwa senti 12 dhidi ya 30. Pengo lililokaribia mara nne limeshuka hadi mara mbili na nusu.

Hesabu hiyo haifanyi kazi ukichemsha majani kwenye sufuria pamoja na maziwa na tangawizi. Kwa upishi huo majani ya Kericho yanatosha, tena yanashinda. Oolong weka gramu 6 kwenye bakuli dogo lenye kifuniko, mililita 120, mwagia maji yaliyotoka kuchemka, subiri sekunde 45, mimina yote. Mara zinazofuata ongeza muda kidogo kidogo.

Jihadhari na "oolong ya maziwa". Jin Xuan halisi, mmea unaouzwa kwa jina hilo, ina harufu nyepesi ya krimu. Ikinukia kama tofi kabla hujafungua pakiti vizuri, imetiwa manukato. Tazama pia ilikotoka: oolong ya Vietnam si mbaya, ila usiilipie bei ya Taiwan.

Mimi ningeanza na Dong Ding ya bei ya kati, na Lishan ningemnunulia mgeni. Buli la udongo la Yixing linaweza kusubiri; fedha hiyo nunulia majani.