Bei Zikipanda, Nani Huumia Zaidi?

Wanachama wetu, twataka kuzungumza jambo linalosemwa kila baraza, lakini hesabu yake hatujapata kuiandika. Twasikia redioni kwamba bei zimepanda kwa kadha katika mia. Hesabu hiyo ni moja kwa nchi nzima, lakini haiingii majumbani sawasawa.

Tuchukue nyumba mbili. Ya mchumaji wa karafuu, tuseme, hupata shilingi 300,000 kwa mwezi, na 200,000 katika hizo huliwa. Ya mwenye shamba, aliye na mtoto kaajiriwa mjini, hupata 1,500,000, na chakula ni 450,000. Chakula kikipanda kumi katika mia, mwenye shamba huongeza 45,000 na mchumaji 20,000. Mwenye haraka atasema tajiri ndiye aliyeumia. Lakini 45,000 zile ni tatu katika mia ya pato lake, na 20,000 za mchumaji zakaribia saba. Mmoja huahirisha kupaka chokaa nyumba yake. Mwengine hupunguza chakula cha usiku cha watoto.

Bwana Ernst Engel, mwanatakwimu wa Kijerumani, aliyaandika haya mwaka 1857: nyumba ikizidi umaskini, fungu la chakula katika matumizi yake huzidi. Nasi tuliyaona mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha ngano na mafuta duniani. Visiwa vyetu hula mchele na unga uletwao kwa meli, tungejificha wapi?

Tena mwenye fedha hununua gunia zima kabla bei haijapanda. Mchumaji hununua kilo, au nusu, kwa bei ya siku ile. Mwenye karafuu kavu ana akiba ndani. Mchumaji ana mikono yake tu, na ujira wa pishi ni ule tuliopatana naye msimu uliopita. Twapenda kusema kwamba bei ya karafuu hutangazwa na wakubwa, hatuna amri nayo. Ni kweli. Lakini ujira wa kuchuma twaupanga wenyewe.

Basi kila mwanachama aje mkutanoni na bei alizonunulia mchele, unga na mafuta ya kupikia msimu uliopita na sasa. Asiyeandika amwambie mjumbe wa tawi lake. Tutaziweka kando ya ujira wa pishi, tuzitazame pamoja kabla uchumaji haujaanza. Wachumaji nao waalikwe, wakae, waseme.