Tabaka Ndani ya Tabaka: Kupanga Filamu za Katuni za Elimu ya Afya

Vijana wengi wa sharika zetu wanapenda kujifunza kutengeneza filamu fupi za katuni kwa kompyuta, ili zisaidie kufundisha afya na kilimo. Swali linalojitokeza kila mara ni hili: picha zikishakuwa nyingi, kazi ipangwe vipi ili fundi asipotee ndani yake? Katika makala hii tunaeleza njia ya kukusanya matabaka, yaani kuweka kompozisheni moja ndani ya nyingine.

Kwa nini jambo hili ni muhimu kwetu
Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika katika kijiji cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, kipindupindu kililipuka na watu zaidi ya 30 walifariki. Wengi walivushwa kwa meli ya MV Liemba hadi Kigoma, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kambi hiyo ilikuwa na Wakongo tangu 1996, nao walizungumza Kiswahili. Warundi walizungumza Kirundi, na wenyeji wa jirani Kiha. Katika mazingira ya namna hiyo, somo moja la kuchanganya dawa ya ORS linahitaji lugha tatu, na kipimo cha maji hakitakiwi kupishana hata kidogo.

Tabaka na kompozisheni
Katika programu ya After Effects, iliyotoka mara ya kwanza 1993, kila kitu hukaa kwenye tabaka lake, ambalo vijana huliita leya. Mkono wa mama ni tabaka, kijiko ni tabaka, maandishi na sauti vivyo hivyo. Ni kama karatasi za plastiki zinazoonyesha, zilizopangwa moja juu ya nyingine. Matabaka hayo yakiwa pamoja, yakiwa na ukubwa na muda wake, huitwa kompozisheni.

Tuchukue mfano wa jagi la ORS. Lina tabaka la jagi, la maji, la kijiko, la pakiti na la tarakimu ya kipimo. Yachague yote matano, kisha bonyeza Ctrl, Shift na C kwa pamoja. Programu itaomba jina, nawe andika "Jagi". Matabaka matano sasa yataonekana kama tabaka moja. Ukilisogeza, vyote vinasogea. Ukilibofya mara mbili, unaingia ndani yake.

Sisi Walutheri mpangilio huu hautupi shida. Mitaa imo ndani ya usharika, sharika zimo ndani ya jimbo, na majimbo yamo ndani ya dayosisi. Kila ngazi ina mambo yake ya ndani, lakini ngazi ya juu huihesabu kama kitu kimoja.

Faida kubwa
Si pakiti zote za ORS zinazochanganywa na kiasi kimoja cha maji. Zipo za lita 1, na zipo za mililita 200. Hivyo basi, filamu lazima ifuate pakiti inayotumika mahali husika. Kama jagi linaonekana mara nne katika filamu, na filamu ina lugha tatu, hayo ni mahali 12 pa kurekebisha. Lakini ikiwa mahali pote panatumia kompozisheni ya "Jagi", unabadilisha tarakimu mara moja tu na pote panabadilika.

Mambo ya kuangalia
Kwanza, maneno ya lugha yasiwekwe ndani ya "Jagi". Ukinakili filamu nzima ya Kiswahili ili upate ya Kiha, programu hainakili kompozisheni za ndani. Filamu zote mbili zinaendelea kutumia ile ile. Ukiandika Kiha ndani yake, Kiswahili nacho kinafutika. Kinachofanana kikae ndani, kinachotofautiana kikae nje, katika kompozisheni kubwa ya kila lugha.

Pili, kama ni lazima sehemu ya ndani itofautiane, inakili kwanza kwenye orodha ya kazi na uipe jina lenye lugha. Kisha chagua tabaka la zamani katika kompozisheni kubwa, na uivute nakala mpya juu yake huku umeshika Alt.

Tatu, kompozisheni ya ndani ina muda na kingo zake. Muda wake ukiisha, picha hutoweka. Mkono ukivuka ukingo wake, kwa kawaida hukatwa.

Nne, sauti haifuati tarakimu. Msomaji akitamka "lita moja", kubadilisha jagi hakutambadilishia maneno. Itabidi arekodiwe tena.

After Effects hutumika kwa malipo. Vikundi vyenye uwezo mdogo vinaweza kutumia Synfig Studio, programu ya bure ambayo nayo inaruhusu kukusanya matabaka.

Tunatoa wito kwa vikundi vyote: kabla ya kusambaza filamu, kila lugha itazamwe na mzawa wa lugha hiyo mwanzo hadi mwisho, akiwa ameshika pakiti yenyewe mkononi. Mama mwenye mtoto anayeharisha atafuata kile atakachokiona na kukisikia.